Kuchi wa Umbo na Rangi: Kuchagua na Kupandisha Bila Kubahatisha

Mtu ananunua jogoo wa kuchi, yule kuku wa asili mrefu na mzito, wa milia, kifua kimejaa. Anamleta nyumbani Masasi au Mtama, anamfungulia asubuhi pamoja na mitetea sita aliokuwa nao, na vifaranga wanapokua anakuta wawili wa milia, watatu wekundu, mmoja kishingo asiye na manyoya shingoni, na mwingine ana upanga mrefu wa meno kama kuku wa kawaida wa kijijini. Lawama zinamwendea jogoo. Mara nyingi hana hatia. Kijijini kuku wanatembea, majogoo wa nyumba tatu nne wanakutana jalala moja na chini ya mikorosho ile ile, na mtetea anapandwa na aliyewahi. Tena mtetea ana vijifuko vidogo kwenye njia ya uzazi vinavyohifadhi mbegu za jogoo kwa wiki mbili, hata tatu. Mayai ya siku za kwanza baada ya jogoo mpya kufika yanaweza kuwa ya jogoo ambaye alishachinjwa kwa ajili ya wageni.

Ndiyo maana ninasisitiza jambo moja kabla ya kuzungumzia rangi au urefu: kazi ya kuboresha mbegu inaanza siku unapoweza kutaja baba na mama wa kila kifaranga. Asiyeweza kuwataja anafuga vizuri tu, anakula na anauza, lakini mbegu yake inaamuliwa na majogoo wa jirani.

Banda la wiki sita

Habari njema ni kwamba kufungia kuku si kwa mwaka mzima. Wiki sita zinatosha kwa msimu mmoja wa kupandisha. Jogoo mmoja na mitetea watano wanaenea eneo la mita 3 kwa 4. Nguzo ziwe za mti mgumu, kuta za fito au mianzi iliyobanwa karibu karibu, au waya wa kuku kwa mwenye uwezo. Kuchi ni mzito na haruki sana, anayeruka na kuingia ni jogoo mwepesi wa jirani, kwa hiyo juu pia pafunikwe. Pwani hii, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, nyavu kuukuu za kuvulia hazikosekani na zinafaa kabisa. Zitandikwe juu ya fito na zikazwe, maana wavu uliolegea hunasa shingo ya kuku. Upande mmoja uezekwe makuti, hapo ndipo pa kivuli, maji na kutagia.

Kuku waliofungwa hawajitafutii, na hapa wengi wanakwama. Kuku mzima wa kuchi anahitaji gramu 120 hivi za chakula kwa siku, maana yake banda la kuku sita linakula robo tatu ya kilo. Pumba tupu haitoshi. Changanya mtama au mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya ufuta au alizeti, na dagaa waliosagwa, sehemu moja ya dagaa kwa kila sehemu kumi za mchanganyiko. Majani wapewe kila siku, mchicha au mlonge. Usiwape majani mabichi ya muhogo, yana sumu ya sianidi. Kwa ajili ya ganda la yai, ponda maganda ya kome au chaza uyaweke kwenye kifuu pembeni, kila mtetea atajichukulia kiasi chake.

Sasa hesabu ya siku. Siku unayoingiza jogoo ndiyo siku ya kwanza. Mayai ya siku 21 za mwanzo ni ya kula au kuuza. Wapo wanaokusanya baada ya siku 10, kwa kuwa mbegu za jogoo mpya huzizidi zile za zamani haraka, na kwa mtu anayetaka vifaranga wa kuuza hilo halina tatizo. Kwa vifaranga utakaowaandika kwenye daftari na kuwajenga juu yao kwa miaka, subiri siku zote 21. Kuanzia hapo kila yai liandikwe kwa penseli, tarehe na alama ya mama. Usitumie kalamu ya wino wa kupenya. Mitetea watano huwezi kuwachanganya kwa muda mrefu: kila mmoja ana umbo na rangi ya yai lake, mmoja yai jembamba la krimu, mwingine la mviringo la hudhurungi, na ukiwachungulia asubuhi mbili tatu utawajua.

Joto la huku lina shida yake. Kiini cha yai kinaanza kukua taratibu likikaa mahali penye zaidi ya nyuzi 21 hivi, halafu kinadhoofika kwa kuwa joto hilo halitoshi kukikuza. Chumba cha bati saa nane mchana Lindi mjini kinapita kiwango hicho kwa mbali. Kwa hiyo siku saba zinazotajwa kwenye vitabu, huku zifanye tano. Weka mayai kwenye chungu kilichofukiwa nusu katika mchanga wenye unyevu, chumba chenye kivuli, ncha iangalie chini. Yai lenye uchafu kidogo lifutwe kwa kitambaa kikavu. Ukiliosha unaondoa utando unaozuia vijidudu visipenye kwenye matundu ya ganda.

Mtetea wa kuchi si mlezi wa kutegemewa kwenye kuatamia. Ni mzito, huvunja mayai na kukanyaga vifaranga. Mpe kazi hiyo koo mwepesi wa kienyeji, mayai 10 hadi 12, na kila koo apewe mayai ya familia moja. Siku ya saba pima kwa mwanga wa tochi usiku. Yai lililo wazi kabisa halikurutubishwa, na kosa litafutwe kwa jogoo: ni mzee, ana mitetea wengi mno, au manyoya ya nyuma yamemzidi. Yai lenye utando wa damu kisha likafa ni habari nyingine. Hapo chunguza lilivyohifadhiwa, chakula cha mama, au undugu wa wazazi, ambao nitaurudia.

Vifaranga wakitotolewa siku ya 21, waweke alama siku hiyo hiyo kabla hawajachanganyika na wengine. Uzi wa rangi mguuni unafaa kwa siku chache tu, mguu unakua na uzi unakata nyama. Alama ya kudumu ni kutoboa ngozi nyembamba iliyo kati ya vidole kwa kitobolea kidogo. Kila mguu una nafasi mbili za ngozi hiyo, jumla nne, na ukichanganya iliyotobolewa na isiyotobolewa unapata alama 16 tofauti. Hakikisha kipande cha ngozi kimetoka chote, kikibaki kinaning'inia tundu linaziba ndani ya wiki.

Umbo linatangulia

Nikiambiwa nichague kati ya jogoo mwenye rangi ya kupendeza na miguu dhaifu, na jogoo wa rangi isiyotamanika lakini aliyejengeka, namchukua wa pili bila kusita. Sababu ni ya kihesabu. Rangi nyingi za kuku zinaongozwa na vinasaba vichache, kimoja au viwili, na unaweza kuirudisha rangi ndani ya vizazi viwili. Umbo linaongozwa na vinasaba vingi, kila kimoja kinachangia kidogo, na ukiupoteza upana wa kifua au unene wa mfupa unaweza kuutafuta miaka mitano.

Mshike kuku alfajiri kabla hajala, gole likiwa tupu, ili uzito usikudanganye. Mpime kwa mizani ya kuning'iniza. Kisha mweke chini kwenye ardhi tambarare, umtazame kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavu, na umwache atembee.

Kuchi halisi ana kusimama kwake. Mwili unaelekea wima, mgongo unateremka kutoka mabegani hadi mkiani, na mkia ni mfupi, umeshuka. Shingo ni ndefu, imepinda kidogo. Kichwa ni kipana, paji limetokeza juu ya macho, mdomo mnene umepinda kama wa mwewe. Upanga ni mdogo, umebana kichwani, hauna meno marefu. Ndevu za chini ya mdomo ni ndogo au hazipo. Manyoya ni haba na magumu, yamebana mwili, na mara nyingi ngozi nyekundu ya kidari inaonekana. Ukimgusa unahisi misuli, hupapasi manyoya.

Miguu ndiyo ninayoitazama kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine. Iwe minene, ya mviringo, magamba yamepangika, na ukimtazama kwa nyuma isimame sambamba. Magoti yakigusana, au vidole vikielekea ndani, jogoo huyo akifika kilo 3 ataanza kuchechemea na hatapanda vizuri. Kisha pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari kutoka mbele hadi nyuma. Uwe umenyooka. Kwa mtetea, pima nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga: anayetaga inapita vidole viwili hadi vitatu, na kati ya nyonga na mwisho wa kidari vidole vitatu hadi vinne. Kuna mitetea wakubwa, wazuri wa kupiga picha, ambao nyonga zao hazipitishi kidole kimoja hata msimu wa kutaga. Hao hawakupi watoto wa kuchagua kutoka kwao.

Kabla hujamkataa kuku kwa kasoro, jiulize kasoro imetoka wapi. Kidari kilichopinda kwa vifaranga wengi wa banda moja kwa kawaida ni kosa la kijiti: wamelala juu ya ufito mwembamba wakiwa wadogo, mfupa bado ni laini. Wape ubao wa upana wa sentimeta 5, au walale chini mpaka wafikishe miezi mitatu. Vidole vilivyokunjika kama ngumi kwa vifaranga wa wiki mbili vinatokana na upungufu wa vitamini B2, na majani na dagaa vinasaidia kuzuia. Lakini ukikuta mdomo uliopishana juu na chini, au mkia uliolala upande mmoja, kwa watoto wa mama mmoja huku wenzao waliokula chakula kile kile wakiwa sawa, hiyo ni kasoro ya kurithi: mwondoe kuku huyo na uandike jina la mama yake.

Kosa la haraka ni kosa kubwa kwa kuchi. Ni kuku anayekomaa taratibu. Pora, yaani jogoo mchanga, wa miezi minne ni miguu na shingo tu, mwembamba, anaonekana hana kitu. Wengi wanamchinja huyu na kumbakiza mwenzake aliyejaa mapema, ambaye mara nyingi hukoma hapo hapo. Uchaguzi ufanyike mara tatu. Wiki ya 8 waondoe wenye kilema na waliodumaa tu. Miezi 5 hadi 6 chagua kwa miguu, kichwa na mifupa, si kwa nyama, na hapa majogoo wawe wametenganishwa kwa sababu wataumizana mpaka kuuana. Mwaka mmoja na zaidi, baada ya kupukutisha manyoya na kuota mapya, ndipo unasema huyu ni wa mbegu.

Na linganisha wa umri mmoja, waliototolewa wiki moja, waliokula sahani moja. Kifaranga wa Juni aliyekulia kiangazi na mchwa na dagaa hawezi kulinganishwa na wa Februari aliyekulia kwenye matope na kuhara damu. Ukimchagua wa Juni kwa ukubwa wake, umechagua msimu, na msimu haurithiwi. Uzito wa mwili wenyewe unarithika vizuri kiasi, kwa hiyo kumpima kuku mmoja mmoja kunalipa. Utagaji na utotoaji unarithika kidogo. Hapo angalia familia nzima: mtetea ambaye dada zake wote wanatotoa vizuri ana thamani kuliko mtetea mmoja aliyebahatika kati ya dada wabovu.

Rangi, na kinachojificha nyuma yake

Upanga nauweka pamoja na rangi kwa sababu unarithiwa kwa njia rahisi kama rangi. Mwanasayansi Mwingereza William Bateson alionyesha mwaka 1902, kwa kutumia panga za kuku, kwamba kanuni za urithi ambazo Mendel alizipata kwa mimea ya njegere zinafanya kazi hata kwa wanyama. Upanga wa kuchi una nguvu juu ya upanga wa meno. Kuchi safi akipanda mtetea wa kienyeji, watoto wote watakuwa na upanga mfupi, ila kwa wengi utakuwa umeinuka kidogo na hauna mpangilio. Wapandishe hao wenyewe kwa wenyewe, robo ya wajukuu watatoka na upanga wa meno. Kwa hiyo mtoto mmoja tu mwenye upanga wa meno ni ushahidi dhidi ya wazazi wote wawili: kila mmoja amebeba kinasaba hicho, hata kama kichwa chake kinapendeza.

Miguu ya njano inajificha vivyo hivyo. Wawili wenye ngozi na miguu ya njano hawatazaa mwenye ngozi nyeupe. Wawili wenye ngozi nyeupe wanaweza kuzaa wa njano, na mfugaji akadhani ameibiwa yai.

Unataka kujua kama jogoo mwenye upanga mzuri ameficha upanga wa meno? Mpandishe na mitetea wenye upanga wa meno. Kila kifaranga ana nafasi nusu ya kuufichua. Ukipata vifaranga saba mfululizo wote wa upanga mfupi, uwezekano kwamba jogoo anaficha umeshuka chini ya asilimia moja. Jaribio hilo linakugharimu koo mmoja na siku 21, tena vifaranga wenyewe ni wa kula. Hakuna kipimo cha macho kinachoweza kukuambia hivyo.

Milia ina utaratibu wake, na ndiyo inayowachanganya watu wengi kwa sababu inafuata jinsia. Kwa kuku, jogoo ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) mbili za Z, mtetea ana moja ya Z na moja ya W. Kinasaba cha milia kiko kwenye Z. Jogoo anaweza kuwa na viwili au kimoja, mtetea hawezi kuzidi kimoja. Jogoo wa vinasaba viwili anaonekana mweupe zaidi, mistari myeupe ni mipana. Wa kimoja ni mweusi zaidi, anafanana na dada zake. Hapo ndipo mnunuzi anapokosea: anampenda yule mweusi mwenye mistari iliyokolea, anamleta kwa mitetea weusi, anapata nusu ya watoto wasio na milia. Kwa mitetea hao hao yule mweupe angempa watoto wote wa milia.

Mtetea wa milia naye anapeleka milia kwa wanawe wa kiume tu, binti zake hawapati kitu kutoka kwake kwa upande huo. Ukimpandisha na jogoo mweusi, vifaranga wa kiume watatotolewa na doa jeupe kichwani, wa kike hawana. Unajua jinsia siku ya kwanza. Kwa mwenye banda dogo ni faida kubwa, maana anaweza kuamua mapema alishe majogoo wangapi.

Kijivu ni rangi inayowavunja moyo wanaoitaka kwa nguvu. Haitulii. Ukipandisha kijivu kwa kijivu, robo wanakuwa weusi, nusu kijivu, na robo weupe wenye matone meusi na ya kijivu yaliyotapakaa. Usiwachinje hao wa matone kwa kuwaona wameharibika: mmoja wao akipandishwa na mweusi, watoto wote wanatoka kijivu. Kwa hiyo anayetaka kundi la kijivu aweke jogoo wa matone juu ya mitetea weusi, asihangaike na jozi za kijivu.

Weupe wa kuku ni wa aina mbili angalau. Upo unaofunika rangi nyingine, mara nyingi ukiacha vidoa vyeusi au wekundu unaovuja mabegani kwa aliyeurithi kwa mzazi mmoja. Upo mwingine unaojificha, hutokea pale wazazi wote wanapoubeba. Ukipandisha mweupe wa aina moja na mweupe wa aina ya pili, vizazi vinavyofuata vitatoa kuku wa rangi zote. Ni watoto tu wanaokuonyesha una weupe gani.

Na usihukumu rangi kabla ya wakati. Kifaranga mweusi huzaliwa na tumbo la krimu na ncha za mabawa nyeupe, naye anaweza kuwa mweusi tii akiwa mkubwa. Jogoo aliyeshinda juani miezi minane ana mgongo uliopauka au uliogeuka shaba. Inua bawa uangalie manyoya ambayo jua halikuyafikia, na subiri manyoya mapya baada ya kupukutisha.

Kishingo anastahili neno lake kwa joto la kusini. Mwenye kinasaba kimoja ana kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo, mwenye viwili ni mtupu kabisa. Kishingo hana manyoya mengi, anavumilia joto vizuri, na nyama ya kifua haimpungui wakati wengine wanahema. Kumchanganya na kuchi kunapendeza sana mezani. Lakini kama lengo ni kuchi mwenye kichwa na shingo yake, mtenge, kwa kuwa kinasaba hicho kina nguvu na kitaenea kundi zima.

Nani apewe nani

Kanuni ya kwanza ya jozi: wawili wenye kasoro moja wasikutane, hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Kanuni ya pili inapingana na mawazo ya wengi. Mtetea wa miguu mifupi hatibiwi kwa jogoo wa miguu ya kupindukia. Watoto hawatakaa wote katikati. Kizazi cha kwanza kitaonekana sawa, cha pili kitatawanyika, wengine wafupi, wengine warefu wa kuyumba. Mpe mtetea huyo jogoo ambaye miguu yake ni sahihi kwa kiwango unachokitaka, na ambaye dada na kaka zake nao ni hivyo hivyo.

Kisha undugu. Kupandisha kaka na dada, au baba na binti, kunampa kifaranga undugu wa asilimia 25. Utotoaji unashuka, vifaranga wanakosa nguvu, na mitetea wanapunguza mayai. Kiwango cha undugu kinachoongezeka kila kizazi kinapigiwa hesabu rahisi: moja gawanya kwa mara 8 ya idadi ya majogoo, jumlisha moja gawanya kwa mara 8 ya idadi ya mitetea. Jogoo 1 na mitetea 10 wanaongeza karibu asilimia 14. Ongeza mitetea wafike 30, bado ni karibu 13. Majogoo 3 na mitetea 15, inashuka hadi 5. Utaona kwamba kuongeza mitetea hakusaidii sana. Anayelinda mbegu anaongeza majogoo, na hapo ndipo utamaduni wetu wa jogoo mmoja kwa nyumba nzima unapotuumiza.

Mpango ninaoupendekeza kwa kijiji au kwa ndugu wachache ni familia tatu. Kila familia ina jogoo mmoja na mitetea watano, na si lazima wawe uani kwa mtu mmoja. Mabinti wanabaki kwa mama zao. Majogoo vijana waliochaguliwa kutoka familia ya kwanza wanakwenda ya pili, wa pili wanakwenda ya tatu, wa tatu wanarudi ya kwanza. Kila kizazi mzunguko ni ule ule, hakuna atakayempanda dada yake wa tumbo moja, na hauhitaji karatasi nyingi.

Anayeanza na mitetea wa kienyeji na jogoo wa kuchi anahitaji subira ya vizazi. Watoto ni nusu kuchi, wajukuu wakipandwa tena na kuchi ni robo tatu, wanaofuata ni asilimia 87.5. Kila hatua iwe na jogoo mwingine asiye ndugu wa yule wa mwanzo. Wengi wanamrudisha jogoo yule yule juu ya binti zake kwa sababu ndiye waliyemnunua kwa bei kubwa, na kizazi cha tatu kinakuwa na umbo zuri na mayai yasiyototoa. Ukimwona jogoo wa kukuvutia viwanja vya Ngongo, Lindi, wakati wa Nane Nane, kabla hujatoa fedha muulize mwenyewe kuhusu mama yake na kaka zake, na omba kuwaona watoto wake kama wapo. Jogoo asiye na watoto wa kuonyesha mnunue kwa bei ya nyama.

Kalenda inayoendana na mvua zetu ni hii. Fungia jozi Aprili mwishoni, totoa kuanzia Juni, vifaranga wakulie miezi ya baridi kidogo na ukavu. Uchaguzi wa miezi mitano unaangukia Novemba, wakati fedha za korosho ziko vijijini na jogoo wa kuchinja anapata bei, kwa hiyo wanaoachwa wanalipia chakula cha wanaobaki. Kati ya vifaranga 40 waliokua, bakiza majogoo watatu na matembe (mitetea wachanga) wanane. Ukibakiza kumi na tano kwa huruma, kazi ya mwaka inapotea.

Katikati ya kalenda hiyo kuna mdondo (kideri), ugonjwa ambao mara nyingi hupamba moto miezi ya ukavu na joto kabla ya mvua. Chanjo ya I-2 inadondoshwa tone moja kwenye jicho, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, ingawa bado inatakiwa kukaa mahali pa baridi. Chanja Julai na tena Oktoba, kuku wote wa uani, hata wasio wa mbegu. Kuku mmoja wa sokoni asiyechanjwa anamaliza kazi ya miaka sita ndani ya wiki moja, na hii ndiyo sababu kubwa ya mbegu nzuri kupotea mikoa hii.

Kwa hiyo mbegu isikae mahali pamoja. Jogoo mmoja na matembe wawili wa kila familia wapelekwe kwa mtu unayemwamini wilaya nyingine, kama wewe uko Ruangwa wao wawe Newala au Nanyumbu, na wapewe daftari lenye alama zile zile za vidole. Asiwapandishe na wake. Kila baada ya miaka miwili mbadilishane majogoo, na jogoo anayerudi atengwe siku 14 kwenye banda la mbali, apewe chanjo, ndipo aingie kwenye familia yake. Jogoo mzee uliyekuwa unamtumia usimchinje mpaka watoto wake wafikishe mwaka na uwe umewapima. Mara nyingi ni wakati huo tu ndipo inajulikana kwamba ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, na kama bado yupo, miguu imara, anaweza kurudishwa juu ya matembe wa familia nyingine kwa msimu mmoja zaidi.